Filamu Sebuleni Mtwara: Njia Ipi Inalipa?

Ukiwa na televisheni na shilingi 10,000 za ziada, Mtwara hukosi njia ya kupata filamu ya jioni. Unaweza kukodi CD, kujaziwa flash dukani, kulipia king'amuzi, kununua bando, au kuwapa watoto hela ya kibanda umiza, yaani banda la video la kiingilio. Kila muuzaji atakutajia bei ndogo. Bei yenyewe hasa imejificha kwenye nauli, kwenye siku zinazopita bila kutazama, kwenye kifaa kinacholiwa na chumvi na kwenye bando linaloisha filamu ikiwa katikati.

Kabla ya kutoa hela, jiulize swali moja: mwezi ambao hutatazama chochote, utadaiwa kiasi gani?

Swali hili lina uzito kwetu kwa sababu pesa ya huku haiji kila tarehe 30. Mkulima wa Tandahimba au Newala anasubiri minada ya korosho inayoanza Oktoba, kisha anasubiri tena hela iingie benki. Mvuvi wa Msimbati anahesabu bamvua na maji mafu. Bodaboda anapata leo na kula leo. Huduma ya kulipia kila mwezi inamfaa mwenye mshahara. Wengine waangalie kwanza ile inayolipiwa kwa filamu, kwa siku au kwa wiki.

Hesabu zilizomo humu zimepigwa kwa bei za mfano: filamu moja dukani shilingi 500, flash 12,000, kifurushi cha chini cha king'amuzi 12,000 kwa mwezi, na king'amuzi kipya pamoja na kufungwa 100,000. Ukikuta bei nyingine mtaani kwako, badili namba tu. Njia ya kuhesabu ni ileile.

Umeme usikutishe. Televisheni ya kisasa ya inchi 32 pamoja na king'amuzi hula wati 65 hivi. Filamu ya saa mbili na nusu haifikishi hata robo ya uniti. Hata kama nyumba yako inalipa karibu shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo, jioni nzima haifiki shilingi 60.

CD ya kukodi

Hii ndiyo njia kongwe. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, hivyo mwenye deki alitegemea kanda. Maduka ya kukodisha yakatoka kwenye kanda yakaingia kwenye CD, na filamu za Bongo zikakulia humo. Yaliyobaki leo ni machache, na mengi yamegeuka kuwa ya kujazia flash.

Shilingi 500 kwa usiku ni bei nzuri ikiwa duka liko mtaani kwako. Ukiwa Mikindani na duka liko Mtwara mjini, hesabu inageuka. Unakwenda kuchukua na kurudi, kesho unakwenda kurudisha na kurudi tena. Hizo ni nauli nne. Zikiwa 500 kila moja, filamu ya 500 imekugharimu 2,500, na bado hujachelewa hata siku moja.

Uliza mambo matatu kabla ya kuondoka dukani. La kwanza ni faini ya kuchelewa: inahesabiwa kwa siku au kwa saa? La pili, CD ikikwaruzika nani analipa, na analipa bei ipi? Iinamishe kwenye mwanga muuzaji akiwa anaona, mikwaruzo ya zamani ijulikane. La tatu, filamu imeishia humo? Nyingi za Bongo zilitolewa kwa sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja na CD yake na bei yake. Ukichukua ya kwanza peke yake, umejifunga kurudi.

Usiache kitambulisho cha taifa wala kadi ya mpiga kura kama dhamana. Acha amana ya fedha, uandikiwe kiasi na tarehe.

Ukitaka kununua moja kwa moja badala ya kukodi, tafuta stempu. Tangu 2013 CD za filamu na muziki zinatakiwa kubandikwa stempu ya kodi ya TRA. Kava likiwa zuri lakini halina stempu, usilipe bei ya nakala halisi.

Kama deki huna, usinunue leo kwa ajili ya kukodi CD. Jicho lake huchoshwa na vumbi na unyevu wa pwani, na maduka ya kukodisha yanazidi kupungua.

Flash ya kujaziwa

Hapa ndipo wengi walipohamia, na sababu zinaeleweka. Hurudishi kitu, hakuna faini, na televisheni nyingi za sasa zina tundu la USB, kwa hiyo deki haihitajiki. Flash ya 12,000 ikidumu miaka miwili, yenyewe inakugharimu 500 kwa mwezi.

Mtego wa kwanza ni flash feki. Imeandikwa GB 64, ndani ina GB 8. Itapokea mafaili yote bila kulalamika, kisha nyumbani filamu nyingine hazifunguki. Usiijaribu kwa faili moja. Ijaze dukani mpaka mwisho, fungua faili la mwanzo, la katikati na la mwisho, ndipo ulipe.

Mtego wa pili ni aina ya faili. Televisheni za zamani hazisomi kila mfumo wa video, na zile zilizobanwa sana ndizo husumbua zaidi: sauti inatoka, picha haionekani. Mwambie kijana wa dukani televisheni yako ni ya lini, na ikiwezekana chukua filamu moja ya majaribio kwanza. Jua pia kwamba flash iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Picha ya ubora wa juu itagoma, na kosa si la flash wala la televisheni.

Mtego wa tatu ni tamthilia. Filamu huisha, tamthilia haiishi. Vipande 16 kwa 200 kila kimoja ni 3,200, na msimu wa pili unakusubiri. Chukua vipande vitatu, mtazame wote, kisha mwamue kama mnaendelea.

Mtego wa nne ni ubora. Filamu ambayo imetoka majuzi ikiwa tayari iko dukani, mara nyingi imerekodiwa ndani ya ukumbi wa sinema. Picha inatikisika, na vichwa vya watazamaji vinapita mbele. Omba uonyeshwe dakika mbili za katikati, si za mwanzo. Na filamu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili ina sauti ya mtafsiri juu ya sauti yenyewe. Kuna wanaoipenda kuliko ya asili, lakini ujue huwezi kuizima.

Sasa upande wa sheria. Kunakili filamu bila ridhaa ya mwenye nayo kunakatazwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Maduka mengi ya flash hayana ridhaa hiyo. Kwa mnunuzi maana yake ni kwamba duka linaweza kufungwa wakati wowote, hela uliyotanguliza ikapotea, na filamu mbovu huna pa kuilalamikia. Usilipe kabla, na usiweke akiba ya filamu kwa mwenye duka.

King'amuzi

King'amuzi ndiyo njia yenye gharama nyingi zilizofichwa, kwa sababu unanunua vitu viwili kwa mpigo: kifaa na deni la kila mwezi.

Kuna cha antena na cha dishi. Cha antena kwa kawaida ni nafuu kukifunga, na kifurushi kikiisha bado unaweza kupata chaneli za ndani za bure. Ila kinategemea mnara ulio karibu. Kwa mtu wa mjini, kama Shangani, Ligula au Chikongola, ni cha kufikiria kwanza. Kwa mtu wa Msimbati, kilomita 40 na zaidi kutoka mjini, au wa vijiji vya kando ya Ruvuma kuelekea Kilambo, dishi linaweza kuwa ndilo pekee linaloshika. Usimwulize muuzaji. Mwulize jirani mwenye antena anapata chaneli ngapi, na zinaganda saa ngapi.

Bei ya promosheni karibu kila mara ni ya boksi. Fundi, nguzo, mita za waya na viunganishi huja baadaye. Sema hivi: "Nataka bei ya mpaka picha ionekane." Akikutajia, iandike.

Pwani yetu inakula chuma. Upepo wa bahari unapeleka chumvi kwenye dishi, kwenye jicho lake na kwenye ncha za waya, hasa Msimbati, Mikindani na Shangani. Dai bolti zisizoshika kutu, ncha za waya zifungwe kwa utepe wa mpira, na dishi liwekwe upande wa nyumba usiopigwa moja kwa moja na upepo wa baharini. Fundi akiruka hayo, utamwita tena kabla ya mwaka kwisha, na atadai hela ya kupanda juu upya.

Mvua nayo ina hesabu yake. Mtwara hunyesha kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi, na mvua kubwa inakata mawimbi ya dishi. Siku za kifurushi hazisimami kungoja mvua iishe. Hazisimami umeme ukikatika, wala ukiwa shamba.

Ndiyo maana kifurushi cha wiki au cha siku, pale kampuni inapokitoa, kinafaa nyumba nyingi za huku hata kama kwa hesabu ya siku kinazidi kidogo. Wiki mbili ulizotazama ni rahisi kuliko mwezi uliotazama nusu.

Angalia na mwezi wa ofa. King'amuzi kipya huja na kifurushi kikubwa cha bure kwa muda. Watoto wakizoea chaneli zile, mwezi wa pili wewe ndiye utakayelipa. Kabla ya kununua, omba orodha ya chaneli za kifurushi utakachomudu baada ya ofa, na uone kama chaneli ya filamu imo. Vifurushi vya chini mara nyingi huwa na chaneli za filamu za Kiswahili, na filamu hizo hurudiwarudiwa.

Ukinunua cha mkononi, hakikisha kadi au namba yake haina jina la mtu mwingine atakayeweza kuifunga. Piga simu huduma kwa wateja mbele ya muuzaji, ihamishiwe jina lako, kisha ulipe. Na unapolipia kwa simu, soma namba ya kadi mara mbili. Hela ikienda kwenye kadi ya mwingine, kuirudisha ni kazi ya siku nyingi.

Tahadhari nyingine kwa wenye mikorosho: usiuze korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, mwezi Septemba ili uwahi king'amuzi cha ofa. Unachopoteza kwenye kilo kitazidi punguzo lolote la boksi.

Mtandao

Mtandaoni kuna njia mbili: za bure, ambako wenye filamu wengi wa Bongo huweka kazi zao kwenye chaneli zao wenyewe, na za kulipia kwa mwezi. Zote mbili zinakula bando, na bando ndilo ghali.

Mwaka 2021 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliweka bei ya data kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB. Kwa bei hiyo ya chini kabisa, GB moja ilikuwa kama 2,080. Kwa ile ya juu, ambayo ndiyo iliyokuwa ya kutumia salio bila kujiunga, GB moja ilipita 9,500. Hesabu hiyo ikukumbushe kuzima data kabla bando halijaisha, lisije likaingia kwenye salio.

Mojawapo ya kampuni kubwa za filamu mtandaoni hukadiria GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida, na hadi GB 3 kwa saa kwa picha ya HD. Filamu ya saa mbili kwa picha ya kawaida ni GB 2, karibu shilingi 4,200 kwa bei ile ya chini. Kwa HD ni GB 6, karibu 12,500, yaani zaidi ya kifurushi cha mwezi mzima cha king'amuzi kwa filamu moja.

Lakini ukichagua kubana data kwenye simu, GB moja inaweza kukaa saa sita hivi. Filamu ileile inashuka hadi kama 700. Picha si kali, ila kwenye kioo cha simu inatosha. Kwa hiyo kazi ya kwanza ukifungua programu yoyote ya filamu ni kwenda kwenye mipangilio na kubana data. Usiache ijichagulie, kwa sababu mtandao ukiwa mzuri itachagua ghali.

Kazi ya pili ni kupakua badala ya kutazama moja kwa moja. Mabando ya usiku wa manane mara nyingi ni rahisi kuliko ya mchana. Pakua ukiwa umelala, tazama jioni bila bando. Angalia tu muda wa filamu uliyopakua, maana nyingine hujifuta baada ya siku kadhaa, au saa chache tangu uanze kuitazama.

Mtaani kukiwa na Wi-Fi ya vocha, inayouzwa kwa saa au kwa siku badala ya kwa GB, hapo ndipo pa kupakulia. Wanafunzi wanaopanga karibu na vyuo wanaweza pia kuchangia faiba ya nyumba nzima. Ya elfu hamsini na kitu kwa mwezi, ikigawanywa vyumba sita, kila chumba hakifiki 10,000. Mtu mmoja asiilipie peke yake kwa ajili ya filamu.

Huduma za kulipia kwa mwezi zina mambo ya kuchunga. Nyingi hutoza kwa dola, kwa hiyo shilingi ikishuka bei yako inapanda bila tangazo. Hujilipa zenyewe kila mwezi kutoka kwenye kadi. Ukitumia kadi ya mtandaoni ya pesa za simu, weka kiasi cha mwezi mmoja tu, usiache salio. Na kifurushi cha bei ya chini mara nyingi ni cha simu pekee, hakiruhusu televisheni. Soma hapo kabla ya kununua waya wa kuunganisha simu na televisheni, maana si kila simu inaukubali.

Kwa walio karibu na mto: ukingoni mwa Ruvuma simu inaweza kushika mtandao wa Msumbiji. Zima data ya nje ya nchi kwenye mipangilio ya simu. Bando lako la nyumbani halihesabiki huko.

Kibanda umiza

Si sebuleni, lakini ndicho kipimo cha bei. Mtu mmoja kwa kiingilio cha, tuseme, 300 ni rahisi kuliko kila njia iliyotajwa. Watu watano ni 1,500, na filamu tatu za dukani zinapatikana kwa hela hiyo, watoto wakiwa nyumbani. Kibanda kinamfaa anayetazama peke yake, na siku ya mpira.

Hesabu kwa pamoja

Chukua nyumba inayotazama filamu nne kwa mwezi. Flash: 2,000 za filamu na 500 za flash yenyewe, jumla 2,500. Simu kwa kubana data: karibu 2,800. CD ya mtaani: 2,000; ya kufuata kwa daladala: 10,000. King'amuzi: 12,000 za kifurushi na kama 2,800 za kifaa kikidumu miaka mitatu, jumla 14,800, yaani 3,700 kwa filamu. Mtandao kwenye televisheni kwa picha ya kawaida: karibu 16,800.

Sasa chukua nyumba inayotazama kila usiku. Filamu 30 za flash ni 15,500. King'amuzi kinabaki 14,800, na juu yake kuna habari, mpira na katuni. Hapo ndipo mizani inapolingana: chini ya filamu 29 kwa mwezi, king'amuzi kwa ajili ya filamu peke yake hakilipi.

Uamuzi

Unatazama mwisho wa wiki tu, na simu nzuri unayo: pakua usiku kupitia programu yenyewe au chaneli za wenye filamu, kwa kubana data. Gharama yake inakaribiana na ya flash, ni halali, na mwezi usiotazama hudaiwi chochote.

Nyumba ina watu wengi, televisheni inawashwa kila siku, na uko mjini: king'amuzi cha antena, kwa kulipia wiki. Kikiisha, chaneli za bure zinaendelea.

Uko Msimbati, Kilambo au kijiji ambacho antena haishiki: dishi, baada ya malipo ya korosho kuingia au msimu mzuri wa samaki, si kabla. Tenga pembeni hela ya kufunga vizuri.

Tayari una deki na duka liko hatua chache: endelea kukodi CD mpaka deki life, usiitengeneze.

Unataka kununua flash hata hivyo: nunua ndogo na halisi, ijaribu mpaka ijae, na usitangulize hela.

Na ukiwa na hiyo 10,000 leo na hujaamua bado, usiiongezee ili ulipie kifurushi cha mwezi. Nunua bando la usiku, pakua filamu mbili, na uone kwa mwezi mmoja nyumba yako inatazama mara ngapi hasa. Idadi hiyo ndiyo itakayokuambia kama king'amuzi ni cha kununua.